Naomba utaratibu wa kusoma Biblia na kuomba kila siku, usiozidi dakika 40

Chipukizi_Imani

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba msaada wa utaratibu, si mahubiri. Nina dakika 40 kila asubuhi kuanzia saa kumi na moja, kabla ya kukimbilia daladala. Mpango wa kumaliza Biblia kwa mwaka unanikwamisha Walawi kila mara. Nikifungua popote napata mstari mzuri, ila ikifika jioni siukumbuki. Upande wa maombi ndiyo kabisa: dakika tano maneno yameisha, nabaki narudia yale yale.

Maswali yangu:
1. Nianze na kitabu gani, na kwa siku nisome kiasi gani?
2. Kwenye daftari naandika nini hasa?
3. Maombi yanaunganaje na nilichosoma?
4. Nina Biblia ya Muungano na simu tu. Vinatosha?

---

Mwl_Beroya

Amina. Nianze na Walawi, maana hapo shida ni ya hesabu kabla haijawa ya kiroho.

Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189, yaani 929 za Agano la Kale na 260 za Agano Jipya. Gawa kwa 365, unapata sura tatu na ushee kwa siku. Mwanzo ina sura 50, Kutoka 40. Ukienda sura tatu tatu kuanzia Januari mosi, tarehe 30 unafunga Kutoka na tarehe 31 unaingia Walawi. Kabla ya hapo umeshapita Kutoka 25 hadi 31, ambako ni vipimo vya hema, na 35 hadi 40 ambako vipimo vile vile vinarudi wakati wa ujenzi. Kwa hiyo unafika Walawi tayari umechoka. Ongeza siku tano ulizokosa kwa homa au msiba, una deni la sura 15. Wengi hawashindwi na Walawi, wanashindwa na deni.

Weka mpango wa mwaka pembeni kwanza. Chukua Injili ya Marko. Ina sura 16, mistari 678, ndiyo fupi kati ya zile nne. Tafuta Jumapili mchana uisome yote kwa mkao mmoja. Kwa sauti ni kama saa moja na nusu. Siku hiyo usiandike kitu. Unachotafuta ni kujua kitabu kinaelekea wapi. Utaona kwamba 8:29 Petro anakiri kuwa Yesu ndiye Kristo, na kuanzia 8:31 habari inageukia msalaba. Yesu anatangaza kifo chake mara tatu (8:31, 9:31, 10:33-34) na kila mara wanafunzi wanateleza papo hapo: Petro anamkemea, halafu wanabishana nani mkubwa, halafu Yakobo na Yohana wanaomba kuketi kuume na kushoto. Anayesoma mstari mmoja leo na mwingine wa kitabu kingine kesho hawezi kuliona hilo hata akisoma miaka kumi.

Kuanzia Jumatatu yake, soma kifungu, si sura. Mistari 10 hadi 20, kufuatana na pale habari inapoanzia na kuishia. Vichwa vidogo vya habari vinasaidia lakini usivitegemee kupita kiasi, kwani ni vya wachapaji, na hata namba za mistari ya Agano Jipya ziliwekwa mwaka 1551. Namba za sura nazo hukata vibaya: Marko 9:1 ni mwendelezo wa maneno yanayofunga sura ya 8. Kwa wastani wa mistari 15, siku sita kwa wiki, Marko inakwisha kwa kama wiki nane. Siku ya saba usiipangie kifungu kipya, iache kwa kufidia ulichokosa.

Daftari. Kaunta buku ya kwaya mbili inatosha. Juu ya ukurasa andika tarehe na kifungu. Kisha sehemu nne, fupi fupi:

Kilichomo. Nani yupo, wapi, nani anasema na nani, neno gani linarudiwa, na viunganishi: "kwa hiyo", "lakini", "ili", "kwa maana". Hapa hairuhusiwi kuandika "Mungu ananiambia". Bado unatazama tu.

Swali. Moja angalau, la kweli, hata kama huna jibu.

Kinachoonyesha kuhusu Mungu, au kuhusu Yesu.

La kufanya au la kuomba leo. Liwe na jina la mtu, mahali au saa. "Niwe mvumilivu" ni maneno ya hewani. "Nisimjibu bosi kwa ukali kwenye kikao cha saa nne" unaweza jioni kujua kama umefanya.

Mfano, Marko 5:21-43. Ukikaa na sehemu ya kwanza kwa dakika kumi utaona haya: Yairo ana jina na cheo, ni mkuu wa sinagogi, anakuja mbele za watu na kuanguka miguuni. Mwanamke hana jina, anapita nyuma ndani ya msongamano. Mwanamke ameugua miaka 12 (mstari wa 25), binti ana umri wa miaka 12 (mstari wa 42). Mwanamke amemaliza mali yote kwa tabibu. Yesu anasimama kumtafuta aliyemgusa, na wakati amesimama, habari ya msiba inafika kwa Yairo. Yairo alikuja kwa ajili ya "binti yangu mdogo". Yesu anamwita yule mwanamke "Binti". Kisha anamwambia Yairo, "Usiogope, amini tu."

Swali: kwa nini Yesu alichelewa, na Yairo alijisikiaje wakati ule? Kuhusu Yesu: hamruki asiye na jina ili kumwahi mwenye cheo, na kuchelewa kwake hakukumfanya ashindwe. La leo: jambo moja lililochelewa nyumbani, ulitaje kwa jina na uliombee bila kumpangia Mungu saa.

Ona pia ambacho hakimo. Hakuna mahali panaposema namba 12 ni ishara ya kwamba Desemba ni mwezi wako wa muujiza. Aina hiyo ya "ufunuo" inazaliwa pale mtu anaporuka sehemu ya kwanza na kukimbilia ya nne.

Dakika zako 40: mbili za kutulia na kuomba uelewe, kumi na mbili za kusoma kifungu mara mbili (mara moja kwa sauti), kumi za kuandika, zilizobaki ni za maombi. Upande huo nawaachia wenzangu, kuna dada hapa anaufundisha vizuri kuniliko.

Biblia ya Muungano inatosha. Ni ya 1952, kwa hiyo Kiswahili chake kina sehemu nzito, hasa kwenye nyaraka za Paulo. Ukikwama soma kifungu hicho hicho kwenye Habari Njema ili upate maana ya jumla, halafu urudi. Vitabu vya msaada ningenunua kwa mpangilio huu: itifaki kwanza, kamusi ya Biblia baadaye, kitabu cha maelezo mwisho. Itifaki inakuonyesha neno liko wapi kwingine, kazi ya kufikiri inabaki kwako. Kitabu cha maelezo kikitangulia, utaandika mawazo ya mwenye kitabu ukidhani ni yako.

---

Mama_Zaburi

Shalom. Mwalimu amenitupia mpira, haya.

Mwanangu, dakika tano zinaisha kwa sababu maombi yako yote ni ya kuomba vitu. Orodha ya haja ya mtu mmoja haiwezi kuzidi dakika tano labda aanze kurudia. Na Bwana mwenyewe alishaonya kuhusu kupayuka-payuka, Mathayo 6:7. Mistari miwili mbele anatoa mpangilio. Tazama mpangilio wa Baba Yetu kwanza kabla ya kuikariri: jina lake, ufalme wake, mapenzi yake, ndipo riziki, deni, majaribu. Haja yako ya kwanza binafsi ni ya nne kwenye foleni. Sisi tunaanza na riziki na kuishia na riziki.

Njia rahisi ya kuunganisha na daftari la mwalimu ni ile aliyoieleza Martin Luther mwaka 1535 alipomwandikia kinyozi wake, Peter, aliyeuliza swali kama hili lako. Anachukua amri moja au ombi moja la Baba Yetu na kulisuka kwa nyuzi nne: ninafundishwa nini hapa, ninashukuru nini, ninaungama nini, ninaomba nini. Basi. Dakika tatu tatu kwa kila uzi, kumi na mbili zimekwisha na hujarudia neno. Anamkumbusha pia kwamba kinyozi mzuri haondoi macho wala mawazo kwenye wembe, na kwamba moyo ukishikwa na wazo moja njiani, uachie nyuzi nyingine ubaki hapo. Usijilazimishe kumaliza zote nne.

Kwa Marko 5 ya mwalimu: nafundishwa kwamba Yesu anasimama kwa asiye na jina. Nashukuru kwa wakati fulani aliposimama kwangu. Naungama nilivyompita mtu fulani jana kwa sababu hana faida kwangu. Naomba kwa ajili ya mgonjwa fulani, taja jina lake.

Sehemu ya kuungama ndiyo watu wanairuka, na ndiyo inayofungua koo. Taja tendo. "Nisamehe kwa yote niliyokukosea" ni njia ya kukwepa.

Kuombea wengine: usibebe watu wote kila siku. Geuza daftari, anza nyuma, gawa kurasa saba. Jumatatu nyumba yako, Jumanne ukoo, Jumatano kazini na majirani, Alhamisi wagonjwa na wafiwa, Ijumaa kanisa na wachungaji, Jumamosi nchi na viongozi, Jumapili wale ambao hawajamjua Kristo. Majina matano hadi saba kwa ukurasa, yasizidi. Mbele ya kila jina ombi moja na tarehe, na acha nafasi ya kuandika kilichotokea. Andika hata pale jibu lilipokuwa hapana. Ukiandika majibu mazuri tu, daftari litakudanganya.

Sasa zaburi, nisipozitaja nitakuwa nimejisaliti jina. Ziko 150, na mwezi una siku 30, kwa hiyo kila tarehe ina zaburi tano: chukua tarehe ya leo, ongeza 30, ongeza 30 tena, mpaka ufike. Tarehe 4 ni Zaburi 4, 34, 64, 94 na 124. Zipitishe macho haraka, chagua moja inayofanana na hali yako, iombe mstari kwa mstari ukiweka mambo yako ndani yake. Tarehe 29 inaangukia Zaburi 119 yenye mistari 176. Hiyo ihamishe tarehe 31, na hata hapo chukua beti mbili tatu tu. Ina beti 22 za mistari minane minane.

Siku ambayo moyo umekauka, nenda Zaburi ya 13. Mistari sita. Miwili ya kwanza ni malalamiko, "hata lini" mara nne. Miwili ya kati ni ombi. Miwili ya mwisho ni kutumaini na kuimba. Ni mpangilio kamili wa kuomba ukiwa huna hamu ya kuomba. Na usidhani ni lazima kila mara umalizie kwa shangwe: Zaburi ya 88 inaishia gizani, na bado ni maombi.

Usingizi: usipige magoti wala kulala kitandani saa hiyo. Tembea chumbani, omba kwa sauti ya chini. Kama mnalala wengi chumba kimoja, andika ombi lako, sentensi kwa sentensi.

---

Katekista_Mtaa

Tumsifu Yesu Kristo. Nyongeza kutoka upande wa Wakatoliki, maana naona hesabu za mwalimu ni za vitabu 66. Sisi tuna 73, kwa hiyo sura zinaongezeka.

Kwetu mpango upo tayari: masomo ya siku. Dominika zinazunguka miaka mitatu, mwaka A Mathayo, B Marko, C Luka, na Yohana anaingizwa kwenye vipindi vyake hasa Kwaresima na Pasaka. Siku za kawaida za wiki somo la kwanza lina mzunguko wa miaka miwili. Faida yake ni kwamba unachosoma chumbani ndicho kinachosomwa kanisani, na ndicho jumuiya ndogo ndogo itakachoshirikishana. Hasara, niseme ukweli, ni kwamba masomo yamekatwa vipande. Ukisoma kipande cha Isaya fungua Biblia yenyewe usome sura nzima, la sivyo utamjua Isaya kwa vijisehemu tu.

Namna ya kusali na Neno ni ya kale. Mmonaki Guigo wa Pili, wa shirika la Wakartusi, aliipanga kwenye ngazi nne katika karne ya 12: kusoma, kutafakari, kusali, na kukaa kimya mbele za Mungu. Hiyo ya nne wengine hapa hawakuitaja kabisa. Dakika tatu hadi tano za kutosema chochote. Mawazo yatakimbia, ni kawaida. Rudi kwa neno moja tu la kifungu, usikasirike. Chagua neno hilo wakati wa kusoma. Ukisubiri ukimya uanze ndipo ulitafute, dakika zote zitaishia kwenye kutafuta.

---

Mzee_wa_Mapana

Nakubaliana na mengi ila nina neno. Huyu ndugu akikaa na Marko wiki nane, Wafilipi wiki nne, Yakobo wiki nne, mwaka utapita hajawahi kuwaona Ezekieli wala Esta. Watu wanaojua vifungu kumi kwa undani na hawajui Agano la Kale ndio wanaoyumbishwa na kila mwalimu mpya anayekuja na Hesabu na Danieli.

Robert Murray M'Cheyne, mchungaji wa Dundee kule Uskoti, aliwapangia waumini wake mwaka 1842 utaratibu wa vifungu vinne kwa siku. Siku ya kwanza ni Mwanzo 1, Mathayo 1, Ezra 1 na Matendo 1. Unamaliza Agano la Kale mara moja na Agano Jipya na Zaburi mara mbili kwa mwaka. Ujanja wake ni kwamba Walawi ikifika ni moja kati ya vinne, kwa hiyo haikuzamishi. Programu nyingi za Biblia za simu zinao.

Kwa mwenye dakika 40, vinne ni vingi. Chukua viwili usome jioni, bila kuandika, au visikilize kwenye daladala. Kusoma kwa mapana si kazi ya alfajiri. Na kama vinne vinakushinda kabisa, Agano Jipya pekee lina sura 260: moja kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 52. Hakuna hesabu iliyonyooka kama hiyo.

Walawi yenyewe ukitaka kuielewa soma sura 1 hadi 7, kisha 16, kisha 19, halafu Waebrania 9 na 10. Hizo nyingine utazirudia baadaye na zitakuwa na maana.

---

Chipukizi_Imani

Nimebarikiwa sana, asanteni. Yamebaki matatu. Moja, nikikosa siku nne mfululizo nafanyaje? Mbili, kuna mistari ambayo tunatumiana kwenye makundi ya WhatsApp kila asubuhi. Mtu anasema "hili ni neno lako la leo". Nitajuaje kama ni langu kweli? Tatu, watu wananishauri nifunge ili maombi yapate nguvu.

---

Mwl_Beroya

La kwanza ni rahisi: siku nne ulizokosa zimekwenda. Endelea na kifungu kinachofuata pale ulipoishia, usiruke wala usilipe. Mpango wetu hauna tarehe, una vifungu, kwa hiyo haukudai. Ila tafuta sababu ya kukosa. Mara tisa kati ya kumi ni saa ya kulala. Mtu anayezima simu saa sita usiku hawezi kuamka saa kumi na moja akasoma chochote kikamwingia. Kama kazi yako ni ya zamu, hamishia saa nzima kwenye mapumziko ya mchana, hakuna amri ya alfajiri. Marko 1:35 inasema Yesu aliondoka alfajiri na mapema sana, lakini Marko 6:46 anaomba mlimani usiku.

La pili ndilo kubwa, na nitalikalia.

Chukua mstari unaobandikwa kwenye kila duka jipya, Ayubu 8:7, ule wa mwanzo mdogo na mwisho kuongezeka sana. Nani anasema? Bildadi Mshuhi. Anamwambia nani? Ayubu, aliyetoka kufiwa na watoto wake wote, na mistari mitatu nyuma Bildadi amemdokezea kwamba watoto walikufa kwa dhambi zao. Kisha nenda mwisho wa kitabu, 42:7, uone Mungu anavyosema juu ya Elifazi na wenzake wawili: hawakunena yaliyo sawa. Yaani tunabandika dukani maneno ya mtu ambaye Mungu alimkemea. Haimaanishi Mungu hawezi kukuza biashara yako. Inamaanisha mstari huo si ahadi yake.

Yeremia 29:11 ni tofauti. Hapo kweli ni Bwana anayesema, na ni mawazo ya amani. Lakini soma 29:10: miaka sabini itimie kwanza huko Babeli. Na 29:5-7 anawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, wauombee amani mji uliowateka. Wengi wa waliosikia barua ile walizikwa ugenini. Ukiijua hiyo, mstari unapata uzito zaidi, ila hauwi tena tiketi ya kupata kazi Ijumaa.

Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu," anayeandika ni mfungwa, na mambo yenyewe yametajwa mstari wa juu: kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa.

Kwa hiyo ukitumiwa mstari, kabla ya kujibu "Amina napokea", soma mistari kumi juu na kumi chini, kisha jiulize nani anasema, na nani, kwa sababu gani. Dakika tatu. Angalia pia ni aina gani ya maandishi. Mithali kwa mfano ni hekima ya jumla, si mkataba: 26:4 inasema usimjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake, na 26:5 inasema mjibu. Hazipingani, zinataka ujue ni saa ya ipi. Zaburi ni maombi, kwa hiyo zina hasira na vilio ambavyo si amri za kufuata. Nyaraka ni hoja ndefu, mstari wake mmoja hausimami bila hoja.

Na mtu akikuambia Bwana amempa neno kwa ajili yako, Paulo ameshatoa utaratibu, 1 Wathesalonike 5:20-21: "Msitweze unabii, jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema." Anayekataa kujaribiwa, au anayedai sadaka kabla ya kumaliza sentensi, huyo amejijibu.

---

Mama_Zaburi

Kuhusu kufunga. Kufunga hakumsukumi Mungu. Ni kuweka chakula kando ili saa ya chakula iwe saa ya maombi. Kama mchana huo unashinda kwenye simu na kazi kama kawaida, umeshinda njaa tu. Anza na mlo mmoja, wa mchana, mara moja kwa wiki, maji unywe. Tumia dakika zile zile za mlo kwa ukurasa mmoja wa daftari. Usifungulie kwa sahani ya wali na maharage mpaka juu, anza na uji au matunda. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari au vidonda vya tumbo, na yeyote anayetumia dawa zinazotaka chakula, asifunge chakula bila kuongea na daktari. Afunge kitu kingine, mitandao kwa mfano. Na dawa haziachwi kwa sababu ya maombi, za presha wala za nyingine yoyote. Yeyote anayekuambia uziache, mkimbie.

---

Kalamu_Nakuru

Niongeze mawili madogo kutoka Kenya. Simu: ukiitumia kama Biblia, pakua tafsiri yote mapema ili isome bila bando, kisha uweke hali ya ndege kabla ya kuifungua. Arifa moja ya kikundi cha ukoo inamaliza dakika kumi. Lakini kwa kuandika tumia kalamu na karatasi. Kunakili mistari kwa kidole kwenye simu hakukai kichwani.

La pili, usisome peke yako mwaka mzima. Tafuta mtu mmoja, mkutane mara moja kwa wiki nusu saa, kila mmoja asome sehemu yake ya nne ya daftari: nilisema nitafanya nini, nilifanya au sikufanya. Ndugu wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 wanaita hilo kutembea nuruni, wakitegemea 1 Yohana 1:7, na ndilo lililoshika watu wengi Afrika Mashariki. Awe wa jinsia yako, na kilichosemwa kibaki pale pale.

Kukariri nako: mstari mmoja kwa wiki, kutoka kwenye kifungu ulichosoma, si kutoka orodha ya mtu. Sema rejea, mstari, rejea tena. Kila Jumamosi rudia ya wiki nne zilizopita.

---

Chipukizi_Imani

Nimenakili yote. Jumapili nasoma Marko mkao mmoja. Nikimaliza Marko niende wapi?

---

Mwl_Beroya

Wafilipi. Sura nne, mistari 104, mkao mmoja ni robo saa. Kwenye nyaraka punguza kifungu kiwe mistari mitano hadi kumi, maana kila sentensi imebeba hoja. Baada ya hapo Mwanzo 12 hadi 50, na huko rudi kwenye vifungu virefu, hata sura nzima kwa siku, kwa kuwa ni simulizi. Jioni fuata ushauri wa Mzee_wa_Mapana, ana haki kuhusu Ezekieli.

Na Jumapili hiyo usisahau kusoma Marko kwa sauti.